Mtulinga Ukivunjika: Mwongozo wa Kuuguza Bega Bila Kupasuliwa

Aliyenivunja mtulinga ni mbuzi. Hakunigonga. Alikatiza tu mbele ya baiskeli, barabara ya kwenda Pangani, nami nikamkwepa nikatua na bega la kushoto kwenye lami. Nilisikia "ka!" kama mti wa muhogo mkavu unapokatwa. Nilipoinuka kuangalia kama nina damu, nikakuta mkono wangu wa kulia umeshashika kiwiko cha kushoto na kukinyanyua, bila mimi kuutuma. Mbuzi alikuwa upande wa pili anakula majani.

Baadaye dada wa mazoezi ya viungo aliniambia kwamba karibu kila anayevunjika mtulinga huja hospitali amejishika hivyo, na watu wa kazi hiyo wanaweza kuutambua ugonjwa tangu mlangoni. Nimelikumbuka neno lile mara nyingi, kwa sababu tiba yote ya mtulinga bila kupasuliwa ni kuendeleza kile ambacho mkono mzima unakianza wenyewe pale barabarani: kuubeba mkono ulioumia, uzito wake usiuvute mfupa.

Mfupa wenyewe

Pitisha kidole kuanzia kwenye shimo la koo kuelekea ncha ya bega. Huo mfupa mwembamba unaopinda kama herufi S iliyolazwa ndio mtulinga. Ndio mfupa pekee unaounganisha mkono na kiwiliwili. Kombe la mkono kule mgongoni limeshikwa na misuli tu. Kwa hiyo mtulinga ni kama boriti fupi inayolisukuma bega lisilalie kifua, na mtu akiangukia bega nguvu yote ya kuanguka hupita humo.

Mara nyingi huvunjika katikati, kama visa vinane katika kumi. Hapo msuli wa shingo huvuta kipande cha ndani kwenda juu, na uzito wa mkono huvuta kipande cha nje kwenda chini na mbele. Ndiyo maana unaona uvimbe uliochongoka na bega limeshuka.

Watu huuliza mbona hawafungwi hogo. Hogo la mtulinga lingefungwa wapi? Ukipumua unacheza, ukigeuza shingo unacheza. Bahati nzuri ni mfupa unaojua kujiunga wenyewe hata vipande visipokaa sawasawa. Si elimu mpya hata kidogo: gombo la kitabibu la Misri ya kale, la miaka kama 1600 kabla ya Kristo, linaeleza mgonjwa wa mtulinga alazwe chali na kitu kilichokunjwa kiwekwe kati ya makombe ya mikono ili mabega yatanuke.

Saa ya kwanza

Mkalishe mgonjwa. Asinyooshwe mkono, asivutwe bega "lirudi", na wala asiombwe aunyanyue ili muone kama umevunjika kweli. Vua pete, saa na bangili za mkono ule kabla haujavimba. Mfunge kanga yoyote iliyo karibu ili kiwiko kibebwe, halafu itafutwe bajaji au gari. Bodaboda hapana, hata kama ndiyo iliyopo: kila shimo la barabara utalisikia ndani ya mfupa. Ikiwa ni ajali ya barabarani, ndugu mmoja aende polisi kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na mgonjwa aende kutibiwa, wasingojeane.

Dalili zifuatazo zikiwapo, mwongozo huu uweke pembeni kwanza. Nenda moja kwa moja hospitali kubwa, ambayo kwa mkoa wetu wa Tanga ni Bombo:

- mfupa umetoboa ngozi, au ngozi imevutika juu ya ncha ya mfupa hadi imekuwa nyeupe na inang'aa;
- mkono ni baridi, umepauka au umekuwa wa buluu;
- vidole vimekufa ganzi au havichezi;
- pumzi ni fupi au kifua kinachoma kila ukivuta hewa;
- umeumia karibu na koo na kumeza kumekuwa shida;
- uligonga kichwa na unatapika au unasinzia.

Chini ya mtulinga kuna mshipa mkubwa wa damu wa mkono, fungu la mishipa ya fahamu, na ncha ya juu ya pafu. Kwa kawaida vyote husalimika. Visiposalimika, hilo si jambo la kusubiri asubuhi.

Picha, na swali la kupasuliwa

Piga eksirei. Bila picha unabahatisha, maana hata ncha ya bega ikichomoka kwenye mtulinga huonekana kama mtulinga uliovunjika. Picha ikitoka usiridhike na "umevunjika". Muulize daktari umevunjika sehemu gani, vipande vinagusana au vimeachana, na vimepandana kwa kiasi gani.

Kama ni katikati na vipande vinagusana, huna sababu ya kupasuliwa. Kwa watoto, karibu wote hupona bila kisu. Mjadala wa kweli unaanza vipande vinapoachana kabisa, vinapopandana kwa zaidi ya sentimita 2, au mfupa unapovunjika kwenye ncha ya nje huku kano zinazoushikilia zimekatika. Mwaka 2007 watafiti wa mifupa wa Kanada walitoa matokeo ya watu wazima ambao vipande vyao vya katikati viliachana kabisa. Kati ya 49 waliofungwa kitambaa tu, 7 mfupa haukuunga. Kati ya 62 waliowekewa chuma, 2 haukuunga. Lakini chuma nacho kina yake: kidonda kinaweza kuingia vijidudu, chuma kinaweza kukera chini ya ngozi, na wengine hurudi tena mezani kukitoa.

Mimi hesabu hiyo naisoma hivi: hata katika kundi lile la waliovunjika vibaya, wengi waliunga bila kisu. Anayebeba mizigo bandarini anaweza kuisoma vingine, na ana haki. Muhimu ni kuamua baada ya kuona picha, na kuamua mapema. Picha ya pili baada ya wiki moja au mbili ni ya lazima kwa sababu vipande vinaweza kuhama.

Kufunga mbeleko ya mkono

Hospitali wanaiita slingi. Mimi naiita mbeleko, kwa sababu kazi yake ni ileile ya kubeba mgongoni mtoto asiyeweza kujibeba. Ya kununua ipo maduka ya dawa na inafaa. Ila wengi huivaa mkanda ukiwa mrefu, mkono unaning'inia tumboni, na bega linashuka vilevile kama hawakuvaa kitu. Ya kitambaa ukiifunga vizuri hubeba kiwiko zaidi.

Chukua kipande cha shuka kuukuu, mraba wa kama mita moja. Kanga nzima ni ndefu mno, itakuletea furushi shingoni. Kunja kitambaa kiwe pembe tatu. Mgonjwa aketi, kiwiko kikunjwe, kiganja kilale kifuani na kiwe juu kidogo kuliko kiwiko. Tandaza kitambaa juu ya mkono huo: ncha moja ipande kwenye bega zima, pembe ya katikati itokeze kwenye kiwiko, na ncha ya pili ining'inie chini. Sasa ule ukingo mrefu uingize chini ya mkono, kati ya mkono na kifua, hadi mkono na kiwiko vilale ndani kama kwenye mfuko. Ile ncha ya chini ipitishe chini ya kiwiko, izunguke mgongoni, ipande kukutana na mwenzake kwenye bega zima.

Kabla ya kufunga fundo, mtu wa pili akinyanyue kiwiko taratibu mpaka mabega yawe sawa. Hapo ndipo funga. Fundo likae upande mzima, chini yake weka leso iliyokunjwa. Pembe ya kiwikoni ikunje na ubane kwa pini. Usipitishe kitambaa chochote juu ya mfupa uliovunjika.

Mara ya kwanza mke wangu alifunga, tukadhani tumemaliza. Nikaenda kwenye kioo: bega la kushoto lilikuwa chini kwa upana wa vidole viwili. Tukafungua, akanyanyua kiwiko, akafunga tena, na maumivu yakapungua palepale, kabla hata sijameza kidonge. Basi kioo ndicho kipimo chako. Kipimo cha pili ni kucha: ibonye ipauke, uachie, na ndani ya sekunde 2 wekundu uwe umerudi. Ukichelewa, umekaza mno.

Utasikia pia kuhusu mikanda inayopita mabegani na kukutana mgongoni kama nambari 8. Imelinganishwa na mbeleko ya kawaida na haikuonekana kuunganisha mfupa vizuri zaidi, ila wanaoivaa hulalamika maumivu zaidi. Tena hubana kwapa, na kwa joto na unyevu wa Tanga utatoka vidonda vya jasho bure.

Mtu mzima huivaa usiku na mchana kwa wiki 2 hadi 3, akiitoa kwa kuoga na mazoezi tu. Baada ya hapo huivaa akitoka au mkono ukichoka, hadi kama wiki ya sita. Usiivae miezi mitatu kwa woga, bega litakauka.

Kulala, kuoga, kuvaa, kuswali

Hapa ndipo hospitali husema machache, na hapa ndipo siku zenyewe hupita.

Wiki ya kwanza usilale bapa, vipande vinasikika vikisogeleana. Egemeza mito mitatu kichwani mwa kitanda ulale nusu umeketi, na mto mdogo uwe chini ya kiwiko, kisirudi nyuma. Mimi nililala kwenye kiti cha uvivu barazani siku tano, na majirani wa Ngamiani walipita wakidhani nimefukuzwa ndani. Kuinuka, geukia upande mzima kisha teremsha miguu. Usijisukume kwa mkono mbovu.

Kuoga ni kila siku. Kwapa lililofungwa katika joto letu huchubuka kwa siku tatu tu. Usinyanyue mkono kulifikia. Inama mbele kutoka kiunoni, mkono mzima ushike ukingo wa meza au sinki, na mkono mgonjwa uache uning'inie wenyewe. Kwapa litafunguka bila bega kufanya kazi. Osha, kausha vizuri, kisha weka kipande cha pamba au kanzu kuukuu kati ya mkono na ubavu ili ngozi isigusane na ngozi.

Nguo: mkono mgonjwa huingia kwanza na hutoka mwisho. Fulana na kanzu za kuvalia kichwani ziache kwanza, vaa shati la vifungo lililo pana. Kwa kina mama, dera kubwa lililofunguliwa upande wa bega huokoa machozi mengi, na sidiria ya kamba inayopita juu ya mfupa ipumzike.

Kama bega lililovunjika ni la kushoto kama langu, suala la chooni litakuja, na watu huona haya kuuliza. Kiganja kinaruhusiwa kutoka kwenye mbeleko. Kinachotakiwa kubaki ubavuni ni kiwiko. Weka kopo karibu, upande wa kulia, na ukikaa kwenye choo cha kuketi ni rahisi kuliko cha kuchuchumaa, maana kuinuka kunataka mikono miwili.

Na swala: kusujudu kunaweka uzito wa kiwiliwili kwenye mikono. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali ameketi na kuashiria kwa kichwa. Mzee mmoja msikitini aliponiona nang'ang'ania kwenda chini aliniambia, "Mwanangu, keti kwenye kiti. Hilo bega umelikopa tu." Nikaketi.

Dawa na maumivu

Anza na parasetamo: kwa mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Angalia usiwe unameza pia dawa ya mafua yenye parasetamo ndani. Diklofenaki na ibuprofeni zinapatikana kirahisi, lakini mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha au ujauzito asizinunue bila kumuuliza daktari. Barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 15 mara kadhaa kwa siku, inasaidia siku mbili tatu za kwanza. Kwa mvutaji, sigara huchelewesha mfupa kuunga na huongeza uwezekano wa kutounga kabisa. Kuhusu chakula sina fundisho kubwa: maziwa tunayo, dagaa, mayai na maharage yapo.

Wachuaji na waunga mifupa

Shangazi yangu alikuja siku ya pili na chupa ya mafuta ya nazi na jina la mtu wa kunichua kule upande wa Muheza. Sikumkatalia kwa jeuri, nilimwomba apake mgongo, si bega. Kuchua mahali palipovunjika kunavuruga utando laini unaoanza kuviunganisha vipande, tena ncha za mfupa ni kali na mishipa iko chini yake. Vijiti na kamba zinazokazwa ni hatari zaidi, maana vinaweza kuzuia damu hadi nyama ife. Ukitaka kumridhisha mkubwa wako, mwache akusomee dua na akupikie supu.

Mazoezi, wiki kwa wiki

Kosa la wengi si kufanya haraka. Ni kutofanya kabisa. Mfupa ukiunga na bega likiganda, umepona nusu.

Tangu siku ya kwanza: fumba na fumbua vidole, zungusha kifundo cha mkono, na mara nne kwa siku toa mkono kwenye mbeleko ukiwa umeketi, ukunje na kukunjua kiwiko mara kumi huku kikikaa ubavuni. Minya soksi iliyokunjwa. Vuta makombe ya mikono yakaribiane taratibu, usilazimishe.

Kuanzia kama wiki ya pili, maumivu yakiruhusu: ule mkao wa kuoshea kwapa ndio zoezi. Inama, mkono uning'inie, uyumbe mbele na nyuma, kisha miduara midogo kama anayekoroga uji. Mwili ndio uyumbishe mkono, msuli wa bega usifanye kazi.

Wiki ya tatu hadi ya sita: simama mbele ya ukuta, vidole vipande ukutani kama kaa anavyotembea, hadi usawa wa bega na usizidi hapo. Weka alama ya chaki kila siku. Ukuta wetu wa barazani una ngazi ya chaki ambayo mwenye nyumba bado ananidai kuifuta.

Baada ya wiki ya sita, ukibonyeza mfupa hauumi na picha inaonyesha unaunga, pita usawa wa bega, kisha anza nguvu: chupa ya maji ya nusu lita, halafu lita moja. Usinyanyue ndoo ya lita 20 hata kama unajisikia mzima. Mfupa wa mtu mzima huunga kwa wiki 6 hadi 12, na nguvu kamili huchukua muda zaidi ya huo. Eksirei huwa nyuma ya mfupa, kwa hiyo usifadhaike picha ya wiki ya sita ikionyesha bado kuna mstari.

Kinundu, na wakati wa kurudi hospitali

Utaota kinundu pale ulipovunjika. Ni mfupa mpya. Kwa mtoto hupungua kadiri anavyokua, kwa mtu mzima hubaki kidogo. Kwa watu wembamba huonekana zaidi, na hakina madhara.

Rudi mapema ukiona ganzi mpya, mkono kuvimba, ngozi juu ya mfupa inabadilika rangi, au maumivu yaliyokuwa yanapungua yamepanda ghafla. Na kama miezi mitatu imepita, mfupa bado unacheza ukiubonyeza na unauma ukinyanyua kikombe, hapo lizungumzwe tena suala la kupasuliwa. Kungoja kwanza hakujafunga mlango huo.

Watoto ni habari fupi. Mtoto anayeanguka mwembeni huunga kwa wiki 3 hadi 6, na kazi kubwa ni kumzuia asirudi mwembeni. Mtoto mchanga aliyevunjika wakati wa kuzaliwa huunga kwa kama wiki mbili. Mkono hubanwa kwenye nguo yake kwa pini, naye habebwi kwa kushikwa makwapani.

Kurudi kazini

Wa ofisini anaweza kurudi baada ya wiki moja au mbili, mkono ukiwa kwenye mbeleko. Dereva wa bodaboda asishike usukani mpaka aweze kukata kona na kushika breki kwa ghafla bila maumivu, ambayo kwa kawaida ni baada ya wiki 8 na zaidi. Mpira na mizigo ya kubeba begani ni wiki 12, na daktari aseme. Wavuvi wa pale Deep Sea, Tanga, wanaovuta nyavu wahesabu hivyohivyo, na wakianza waanze kwa kukusanya nyavu kabla ya kuzivuta.

Mimi nilipanda baiskeli wiki ya kumi na moja, kuzunguka Raskazone asubuhi kabla ya magari. Bega halikuniuma. Kilichouma ni mkanda wa mkoba uliokuwa unalalia kinundu, nikauhamishia kulia, na huko ndiko uko hadi leo.